Nyumba Yangu Uani kwa Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba

Imefika. Nimeandika neno hilo kwanza, mengine yatafuata. Imefika saa tano asubuhi ikivutwa na lori la shamba la ngano ambalo ndugu yangu Muthomi anafanyia kazi kule Timau. Nyeupe, madirisha matatu, mlango mmoja, mabua ya ngano yamekwama kwenye magurudumu. Ndani kuna kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi na kabati lenye harufu ya panya. Wenyewe wanaiita karavani.

Kabla chai haijachemka watu walikuwa wamejaa kwenye geti. Wawili walikuja na watoto migongoni wakidhani ni kliniki ya chanjo. Mwingine akauliza nitaanza lini kuuza chipsi. Nikawaambia hii ni nyumba. Nyumba ya nani? Yangu. Na ile ya mawe pale nyuma? Ile ni ya Kiogora.

Kiogora ni mume wangu. Alikuwa zizini, hakutoka. Ana uchungu, kwa sababu hii karavani niliipata kwa kumpa Muthomi mtamba wangu mwekundu, naye akapatana na tajiri wake.

"Mtamba mzima, Mama Mwendwa," alisema wakati wa chakula. "Umebadilisha na sanduku."

Nikamwambia mtamba hawezi kunipa pa kulala Embu. Akaendelea kula viazi vyake.

Jumatano, 8 Oktoba

Wacha niandike sababu, ili siku nikifa moyo nirudi hapa nisome. Daftari hili lilikuwa la Mwendwa la kidato cha pili, somo la bayolojia. Kurasa za nyuma hakuzigusa. Naona inafaa.

Mwendwa ni binti yetu wa pekee. Ameolewa Embu na kijana anaitwa Kivuti, juu ya Runyenjes, karibu na msitu. Ana mimba ya pili, anatarajia katikati ya Desemba. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Njoka, miaka miwili iliyopita, nilienda na chupa ya uji, unga, kuni na viazi jinsi inavyotakiwa. Nilifika mchana. Ilipofika jioni Kivuti akachukua blanketi akaenda kulala kwa jirani, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, na mahari yenyewe haijaisha. Hakuna aliyenifukuza. Lakini mwenye nyumba akitoka kwake kwenye mvua kwa ajili yako, unajua la kufanya. Asubuhi nikapanda gari nikarudi Githongo.

Siku ya tatu Mwendwa akashikwa na homa. Maziwa yakakataa kutoka, mtoto akawa analia tu, na mama yake Kivuti ni mzee, haoni vizuri. Binti yangu alikaa siku nne bila kulala. Mimi nilikuja kuyasikia baada ya wiki mbili. Aliniambia kwenye simu, bila hasira yoyote, "Mami, ulikuja na uji ukaondoka na chupa."

Maneno hayo nimeyabeba miaka miwili. Safari hii nimemwahidi nitakaa. Lojingi za kulala wageni za Runyenjes ziko mbali, na kutoka huko hadi kwao ni mlima wa matope. Basi nikafikiri hivi: kama siwezi kulala kwa mkwe, nitalala kwangu, uani kwake. Paa langu, kitanda changu, mlango wangu. Wazee wa pande zote mbili tuliwauliza. Walicheka, mwisho wakakubali kwamba hakuna mtu aliwahi kukataza jambo kama hilo.

Sasa imebaki kuivuta tu. Kiogora hajawahi kushika usukani na hana nia. Mimi pikapu yetu nimeiendesha miaka kumi, lakini sijawahi kuvuta hata mkokoteni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mvua. Kahawa imeanza kuiva, na foleni kiwandani ilifika barabarani. Mimi ndiye karani wa mizani. Nimepima magunia hadi kope zikauma.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata mwalimu. Anaitwa Mahmood, ana bucha Meru mjini, mtaa wa Majengo. Kabla ya bucha alivuta trela hadi Juba kwa miaka ishirini na sita. Nilimkuta anakata mbavu. Nikamweleza yote, na Kiogora amesimama kando yangu. Alisikiliza bila kuacha kukata, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Mama, wewe ni mtu wa hasira?"

Nikasema hapana. Kiogora akakohoa.

"Basi kazi tunayo," Mahmood akasema. "Mtu wa hasira hawezi kurudisha trela nyuma. Jumamosi uwe na mafuta ya kutosha na maneno kidogo."

Simpendi sana. Lakini atakuja.

Jumamosi, 18 Oktoba

Somo la kwanza, uwanja wa mpira wa Githongo. Mahmood alianza kwa kunionyesha kila kitu kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Mbele ya karavani ni pua. Nyuma ni mkia. Pua inakaa juu ya kichuma cha duara nyuma ya pikapu, na huondoki mpaka umesikia imeshika kwa mlio, ka! Mnyororo wa usalama unapita chini. Waya wa taa. Kigurudumu kidogo cha pua kinapandishwa juu. Unazunguka yote mara mbili, na mara ya pili unagusa kwa mkono, kwa sababu macho yanadanganya.

Kwenda mbele ni raha. Nilizunguka uwanja nikipiga honi na watoto wakikimbia nyuma, nikajiona malkia.

Halafu akasema, rudisha nyuma.

Ukikata usukani kulia, yenyewe inaenda kushoto. Ukitaka kuirekebisha, inajikunja kama mkono wa mtu anayejikuna mgongo. Nilijaribu mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano nilimtukana mtu ambaye hakuwepo. Mahmood akafungua mlango, akaniambia nishuke nikanywe maji.

"Shika usukani chini, huku," akasema niliporudi, akaweka kidole mahali tumbo linapogusa. "Mahali unataka mkia uende, peleka mkono huko. Kidogo. Ngoja ikusikie. Halafu kidogo tena."

Mara ya ishirini na mbili ilirudi nyuma moja kwa moja hatua kama thelathini. Nilishuka nikaiangalia. Haki, nilitaka kulia.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani mchungaji alisema tusipende vitu vya dunia, akaniangalia mimi.

Ijumaa, 24 Oktoba

Karavani imepita ukaguzi na imepata namba yake, na bima. Nimeisugua ndani kwa maji ya sabuni mara tatu. Panya wamehama.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimerudisha nyuma ndani ya geti letu. Migomba miwili ya Kiogora imeanguka. Amesema ilikuwa inakaribia kukatwa, lakini uso wake ulisema mengine.

Jumamosi, 1 Novemba

Leo barabara kubwa! Tumeenda Nkubu na kurudi, Mahmood kando yangu akila njugu. Amenifungia vioo virefu pembeni, sasa naona mkia wote na barabara nyuma yake. Alinifundisha kukata kona kwa upana, maana magurudumu ya nyuma yanapita ndani kuliko unavyofikiri, na kuacha nafasi mbele ya kutosha magari manne. Mwendo ni wa mzee anayeenda posta. Watu wakipiga honi nyuma, wapige. Ukipata mahali, kaa kando wapite, halafu endelea.

"Na mlima?" nikauliza.

"Gia utakayopandia mlima ndiyo hiyo hiyo ya kushukia. Unaichagua ukiwa bado juu, si katikati. Na ikianza kutikisa mkia usikanyage breki. Usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika wima, ngoja."

Pale Nkubu mama mmoja wa mboga alinishangilia. Alisema hajawahi kuona mwanamke akivuta nyumba. Nikanunua sukuma wiki ambazo sikuzihitaji.

Nilirudi nikiwa nimejaa furaha hadi masikioni. Nina miaka hamsini na minne na sikujua kuna kitu kipya kama hiki kimebaki kwangu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimempigia Mwendwa. Miguu imevimba lakini yuko sawa. Nikamwambia amuulize Kivuti kama geti lao ni pana. Nikamsikia anauliza, nikasikia Kivuti anajibu kitu, na Mwendwa akaniambia, "Anasema ni geti tu."

Geti tu. Huyu kijana hajawahi kunitazama usoni tangu siku ya kwanza, wala kunipigia simu. Najua heshima ya mkwe. Mume wangu pia hakuwa akila mbele ya mama yangu. Lakini Kivuti amezidi. Nadhani ni kiburi, na nadhani hataki nyumba yangu uani kwake. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya mawe. Nimepima kahawa nikiwa na gambuti.

Jumamosi, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi. Tuko hai. Nianzie hapo.

Mahmood alikuwa amesema nisipakie kitu chochote kabla yeye hajaona. Lakini leo alikuwa na harusi ya mpwa wake, na mimi nilikuwa na wiki nne tu. Nikasema nitafanya jaribio la safari yenyewe, na mzigo wenyewe, hadi Mutonga kwenye daraja na kurudi. Kiogora akakubali kunisindikiza, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Tulipakia magunia mawili ya viazi vya Kibirichia, mikungu mitatu ya ndizi, unga, na kuni za kutosha mwezi. Vyote nikaviweka mkiani. Mimi nimezaliwa Kibirichia. Baba yangu alikuwa na mkokoteni wa punda wa kubeba viazi, na tangu niko na miaka sita alikuwa akinipigia kelele: peleka nyuma, peleka nyuma, usimwekee punda mzigo shingoni. Kwa hiyo nilipeleka nyuma. Pua ikawa nyepesi hadi nikaiinua kwa mkono mmoja kuifunga kwenye pikapu. Nikamwambia Kiogora, unaona mtu anayejua kupakia? Nilijisifu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hadi Igoji tulienda vizuri. Baada ya hapo barabara inaanza kuteremka. Nilihisi kama mtu ananivuta shati nyuma, kulia, kushoto, kulia. Nikaangalia kioo, nikaona mkia wa karavani upande mmoja, halafu upande mwingine. Kila mara ulienda mbali zaidi. Kiogora alishika dashibodi kwa mikono miwili. Nilijua la kufanya. Nililijua! Mahmood aliniambia. Lakini mguu ulikuwa na hofu kuliko kichwa, nikakanyaga breki.

Pikapu ikazungushwa. Lori lililokuwa likipanda lilipiga honi ndefu, likatupita kwa upana wa mkono. Tulisimama tukiwa tumekingama, gurudumu moja la karavani mtaroni, taa moja imevunjika, mlango uko wazi na viazi vinabingirika kuelekea mtoni. Hakuna aliyeumia. Kiogora alishuka, akaenda nyuma, akaanza kuokota viazi kimoja kimoja. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Vijana wa pale walitusaidia kuitoa. Mahmood alikuja jioni na nguo zake za harusi. Akaangalia taa, akaangalia mzigo, akaingia ndani akatoka.

"Nani alipakia?"

"Mimi."

"Sitaki kukuzika, Mama Mwendwa." Akaivuta hadi nyumbani kwa gari lake, akaiacha nje ya geti, akaenda. Hakunywa chai.

Jumapili, 16 Novemba

Sikuenda kanisani. Kiogora amekamua, amepika, amenyamaza. Nilitaka aniseme. Angenisema ningejitetea.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikuwa nimesimama kwenye mizani leo nikipima gunia la mama mmoja, sindano ikicheza, ndipo nikajiuliza swali la kijinga. Mimi kazi yangu ni kupima. Miaka kumi na tisa. Kwa nini nilipakia kwa kukisia?

Jumanne, 18 Novemba

Meneja wa kiwanda ameniazima mizani ya zamani ile ya jukwaa. Kiogora alinisaidia kuishusha. Tulipanga ule mzigo mkiani kama Jumamosi, tukaweka kigurudumu cha pua juu ya mizani. Kilo nane. Nyumba nzima, na pua ina uzito wa kuku watatu wanono. Ndiyo maana mkia ulikuwa unaongoza na pikapu inafuata.

Tukahamisha. Viazi juu ya magurudumu, chini kabisa sakafuni. Kuni mbele yake kidogo. Ndizi nyuma, kwa kuwa ni nyepesi. Tukapima. Arobaini na moja. Tukasogeza gunia moja hatua moja mbele. Sitini na tano. Nikasukuma mkia kwa bega, na safari hii haukucheza.

"Punda anabebwa na mkokoteni," Kiogora akasema ghafla. Nikamwangalia. "Nasema kwa baba yako punda alikuwa anahurumiwa. Hapa pikapu haitaki huruma. Inataka kukaliwa na mzigo."

Mtu huyu nimekaa naye miaka thelathini na moja. Alikuwa anafikiria jambo hilo hilo kimya kimya tangu Jumamosi, na mimi nilidhani amenuna.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeenda Majengo. Nimemwomba Mahmood msamaha mbele ya mkewe Zuleka na wateja, nikamwonyesha karatasi ya vipimo. Alisoma polepole. Halafu akacheka hadi akaweka kisu chini.

"Miaka ishirini na sita napima kwa goti," akasema. "Wewe umeleta mizani ya kahawa."

Zuleka ndiye aliyeniambia, Mahmood alipokwenda ndani: Jumamosi ile, alipopigiwa simu, mumewe alitoka kwenye harusi mbio. Dereva mwenzake alifariki hivyo hivyo, kwenye mteremko, mzigo umewekwa nyuma. Sikujua. Nilimwona mtu mkali kumbe ni mtu mwoga kwa ajili ya wengine.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumerudia Igoji hadi Mutonga, taa mpya, mzigo wote ndani, Mahmood kando. Niliteremka na gia ya pili. Haikutikisika hata kidogo. Mutonga tukala ndizi mbivu tukiangalia maji. Nimerudi nikiimba.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua usiku na mchana. Wanasema Runyenjes ni mbaya zaidi.

Jumamosi, 29 Novemba

Simu imelia nikiwa kiwandani. Namba ya Kivuti. Nilidhani ni Mwendwa ametumia ya mumewe.

"Mama. Ni Kivuti."

Niliacha mizani. Kivuti hanipigii.

"Tumepata msichana. Alfajiri. Amekuja mapema lakini wote ni wazima. Kesho kutwa watatoka hospitali." Nikasikia mvua ikipiga mabati upande wake. "Barabara ya kuja huku imeharibika, Mama."

Kisha akaaga. Sikujua kama ananiita au ananizuia. Nilipiga simu hospitali nikaongea na Mwendwa, sauti imechoka, akasema yuko sawa, nisihangaike na mvua hii. Yuko sawa. Ndivyo alivyosema hata mara ya kwanza.

Naenda. Kama nyumba yangu haitakiwi uani, nitailaza barabarani.

Jumapili, 30 Novemba

Mahmood hawezi kuja, ana oda ya nyama ya kesho. Nilitaka aahirishe, akakataa. "Ukinibeba hutaendesha, utaniuliza tu," akasema. Kiogora lazima abaki na ng'ombe. Nitaenda peke yangu.

Jumatatu, 1 Desemba

Naandika haya nikiwa nimekaa kwenye kitanda changu, Embu, mlango wazi.

Asubuhi nilimkuta Kiogora ameshaamka, amepiga magoti kwenye matope na kurunzi, anasoma mizani. "Sitini na sita," akasema. Alikuwa amefuta vioo na kubandika vile vibandiko vyekundu vinavyong'aa. Akanipa chupa ya chai. Akaweka mkono juu ya karavani akasema, "Mtamba alikuwa mzuri. Lakini hakuwa na magurudumu." Hilo ndilo jambo tamu zaidi ambalo mume wangu ameniambia mwaka huu.

Nkubu. Igoji. Mutonga, gia ya pili, wala sikuwaza ule mtaro wa viazi. Halafu mteremko wa daraja la Nithi, palipoua wengi. Kila mtu anaiogopa Nithi, na mimi pia. Kule juu nilisimama kando, nikashuka, nikagusa mnyororo, nikagusa taa, nikarudi ndani nikaweka gia. Nilianza kuteremka na mvua inapiga kioo. Nyuma yangu magari yalipangana, nikayahesabu kumi na moja kwenye kioo, yote yakipiga honi. Nilijiambia kwa sauti, kwa jina langu: wapige, Jedidah, wapige. Kona ya kwanza, kwa upana. Ya pili. Mahali fulani katikati mkia ulinigusa, kidogo tu, kama mtoto anayevuta leso. Mguu wa kulia ukataka breki. Nikautoa kwenye mafuta, nikashika wima, nikangoja. Ukatulia wenyewe.

Nilipovuka daraja nikapata mahali pa kukaa kando. Wale kumi na mmoja wakapita, na wa mwisho, dereva wa lori la mchanga, akaniinulia mkono. Nilicheka peke yangu hadi Chuka.

Chuka nilikunywa chai ya Kiogora. Mteremko wa Thuchi nao niliushuka hivyo hivyo. Runyenjes ilikuwa saa saba na nusu, mvua imepungua, na nikaingia barabara ya udongo nikijua hapo ndipo nitashindwa. Mahmood alinikataza kupanda matope na mzigo. Nilikuwa nimepanga kuiacha chini kwa duka na kupanda kwa miguu.

Mwanzo wa mlima nilikuta wanaume sita na majembe. Wameweka changarawe kutoka chini hadi juu, njia mbili za magurudumu, upana wa karavani. Mmoja wao, matope hadi kifuani, akavua kofia akaangalia chini. Alikuwa Kivuti.

"Tulianza juzi," akasema akiongea na gurudumu langu. "Nilikuambia imeharibika."

Nilishusha kioo. Nikasema, "Asante, baba." Nikapanda.

Geti lao, lile geti tu, halikuwepo. Alikuwa ameling'oa pamoja na nguzo zake, akakata ua wa miti pande zote. Uani kulikuwa na majirani, mama yake Kivuti kwenye kiti, Njoka uchi kuanzia kiunoni, na mahali palipotandazwa mchanga kando ya nyumba ya Mwendwa. Kuingia hapo ni kurudi nyuma, tena kwa kona. Mbele ya ukoo mzima wa wakwe.

Nilishika usukani chini, mahali tumbo linapogusa. Kidogo. Nikangoja inisikie. Kidogo tena. Nilirekebisha mara mbili. Mama yake Kivuti, asiyeona vizuri, aligeuza sikio afuate injini. Iliposimama, mlango wangu na mlango wa Mwendwa ilikuwa inatazamana, hatua nne.

Mwendwa alitoka na mtoto kifuani. Amekonda, midomo imekauka. Hakunisalimia. Alipanda ngazi yangu, akanipa mtoto, akajilaza kwenye kitanda changu na viatu vyake. Alikuwa amelala kabla sijamvua cha pili.

Jumanne, 2 Desemba

Mwendwa amelala kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Mimi na msichana tumeangalia mvua.

Ijumaa, 5 Desemba

Kivuti amelala nyumbani kwake kila siku, na mimi kwangu. Asubuhi anakuja kwenye ngazi anapiga hodi, kwa sababu sasa yeye ndiye mgeni. Namtolea chai, anainywa amenipa mgongo. Tumeongea mambo ya mizani na changarawe. Kiburi niliandika. Sijafuta, lakini nimepiga mstari juu yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Wiki niliyoomba ruhusa kiwandani imeisha. Maziwa yanatoka hadi yanamwagika. Mwendwa anacheka. Jana nilisema mezani kwangu, kwa sauti ya kawaida, kwamba kesho asubuhi nitafunga pua nirudi. Mwendwa akaangalia mtoto. Kivuti, aliyekuwa ngazini, akamaliza chai yake akarudisha kikombe.

Leo nimetoka kufanya mzunguko wangu, mara mbili, mara ya pili kwa mkono. Upande wa kushoto mkono haukugusa kitu. Karavani imekaa juu ya mawe, imetulia vizuri, imesawazishwa kwa uangalifu sana. Gurudumu halipo.

Kivuti alikuwa anapasua kuni, ameinama.

"Kivuti, gurudumu langu."

"Naona lilikuwa na pancha, Mama." Shoka juu, shoka chini. "Nimelipeleka kuzibwa."

"Lini litarudi?"

Hapo akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu akanitazama usoni. Macho yalikuwa mekundu. "Mafundi wa huku ni wa polepole sana," akasema.

Nilipoenda ghalani kuchukua viazi nililiona. Liko chini ya magunia ya mahindi, limejaa upepo, halina pancha yoyote. Nikarudisha gunia juu yake vizuri lisionekane, nikampigia meneja simu, nikamwambia nimeharibikiwa na gari.